Namna ya Kuliandikia Taarifa Kanisa Lililokutuma

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia kutoka safari yao ya kwanza ya umisionari, walilikusanya kanisa na kulieleza mambo yote ambayo Mungu aliyafanya pamoja nao, na jinsi alivyowafungulia Mataifa mlango wa imani (Matendo 14:27). Kanisa hilo ndilo lililokuwa limefunga na kuomba, likawawekea mikono na kuwaruhusu waende zao, kwa hiyo lilikuwa na haki ya kusikia habari ya kazi iliyofanyika kwa jina lake. Mmisionari anayeketi leo kuandika taarifa kwa kanisa linalomtegemeza anatimiza wajibu uleule, ila mara nyingi hana nafasi ya kulikusanya kanisa mbele yake, na inambidi alifikie kwa maandishi, kwa picha na kwa sauti iliyorekodiwa.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: taarifa ya huduma huandikwa ili kanisa liweze kuomba kwa kujua. Shukrani zitakuwamo, na hesabu ya fedha itatolewa, lakini kipimo cha kila aya ni kama msomaji, akishaisoma, anacho cha kumwambia Mungu ambacho hakuwa nacho kabla ya kuisoma. Barua nyingi za wamisionari hazifikii kipimo hicho, wala si kwa sababu kazi imelala. Tatizo ni kwamba zimejaa maneno ambayo yangeweza kuandikwa na mmisionari yeyote, kuhusu mahali popote, mwaka wowote.

Kabla ya kuandika: patana na kanisa

Ndani ya kanisa moja wamo wasomaji wa namna nyingi. Yupo mchungaji atakayeitaja barua yako kwa dakika mbili wakati wa matangazo, ipo kamati ya misheni inayotaka kujua kama mpango wa mwaka unafuatwa, yupo mtunza hazina anayesubiri hesabu, na yupo mama wa kikundi cha maombi anayelitaja jina lako kila alfajiri na ambaye angependa kujua mtoto wako amepona au bado. Barua moja haiwezi kuwatosheleza wote hao bila kuwa ndefu kupita kiasi. Njia iliyo bora ni kuandika barua kuu ya ukurasa mmoja, au mmoja na nusu ukizidi sana, kisha kuambatanisha aya fupi ya kusomwa kwenye matangazo kwa muda usiozidi dakika moja, na kuipelekea kamati karatasi ya hesabu peke yake.

Mambo haya yazungumzwe kabla hujasafiri, au katika ziara ya kwanza unayopata ikiwa umekwisha kuondoka. Uliza ni nani atakayeipokea barua na kuhakikisha inafika kwa wengine, kwa kuwa barua iliyotumwa kwenye anwani ya ofisi bila mtu mahususi wa kuifuatilia huishia hapohapo ofisini. Uliza pia inahitajika mara ngapi. Mpangilio unaofaa makanisa mengi ni barua kamili kila baada ya miezi mitatu, ujumbe mfupi wa maombi kila mwezi, na taarifa ya mwaka inayofika kabla baraza halijakaa kupanga bajeti. Taarifa ya mwaka inayofika wiki mbili baada ya kikao hicho haimsaidii mtu yeyote, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani. Naamini kwa dhati kwamba barua fupi inayofika kwa wakati wake ina nguvu kuliko barua ndefu na nzuri inayokuja mara moja kwa mwaka, kwa maana watu huendelea kumwombea yule ambaye habari zake wanazo.

Kumbuka vilevile kwamba barua yako huenda ikasomwa kwa sauti. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walioanza kutuma wamisionari mwaka 1732, walikuwa na siku maalumu za ushirika ambapo barua na shajara kutoka katika vituo vya misheni zilisomwa mbele ya watu wote, na hizo ni barua zilizokuwa zimesafiri baharini kwa miezi kadhaa. Desturi hiyo bado inayo hekima ndani yake. Ukimaliza kuandika, soma barua yako kwa sauti mbele ya mwenzi wako au mtu wa nyumbani mwako, na popote unapoishiwa pumzi au unapolazimika kurudia sentensi, paandike upya.

Habari yenyewe

Tazama aya hii, ambayo kwa sura moja au nyingine inapatikana katika barua nyingi mno: «Tunamshukuru Mungu kwa kutulinda na kutuwezesha. Huduma inaendelea vizuri na watu wengi wanaguswa na Neno. Endeleeni kutuombea.» Huenda kila sentensi hapo ni ya kweli. Hata hivyo, mtu aliyepiga magoti akiwa na barua hii mkononi hana la kuomba isipokuwa kurudia maneno yaleyale.

Sasa itazame hii: «Tangu tulipoanza kuisoma Injili ya Marko nyumbani kwa jirani yetu, watu wazima saba wamekuwa wakija kila Jumatano jioni. Mwezi uliopita mmoja wao, fundi cherehani wa makamo, aliuliza kwa nini Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla ya kumtakasa, ilhali angeweza kusema neno tu. Tulizungumza juu ya swali hilo hadi usiku, na juma lililofuata alikuja na mke wake. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye anayempa kazi, hapendi aendelee kuja. Mwombeeni apate ujasiri, na mwombeeni kaka yake moyo wa kusikiliza.» Aya hii haina maneno makubwa wala haitangazi ushindi, lakini kikundi cha maombi kikiipokea kitajua kimwombee nani na kiombe nini, na baada ya miezi mitatu kitauliza fundi yule amefikia wapi.

Kwa hiyo chagua mtu mmoja au tukio moja kwa kila barua, ulisimulie kwa ukaribu, kisha ueleze mengine yote kwa ufupi. Kishawishi cha kutaja kila semina, kila safari na kila mgeni ni kikubwa, hasa pale unapoogopa kuonekana kwamba hukufanya kazi. Orodha ya shughuli, hata hivyo, ni ya taarifa ya kamati, na huko ndiko inakosomwa kwa makini.

Maombi unayoyaomba yawe ya aina ambayo jibu lake litajulikana. Paulo alipowaandikia Warumi akiwasihi wajitahidi pamoja naye katika maombi, aliwapa mambo yanayoeleweka: aokolewe na wale wasioamini katika Uyahudi, huduma yake kwa Yerusalemu ikubalike kwa watakatifu, naye afike kwao kwa furaha apate kupumzika pamoja nao (Warumi 15:30-32). Kila moja la maombi hayo lingeweza kufuatiliwa. Ukiomba «uongozi wa Mungu», eleza ni katika uamuzi gani na unapaswa kufanywa lini. Ukiomba afya, taja ya nani, kwa kiasi anachoridhia mwenyewe.

Hapa pana jambo ambalo huachwa mara nyingi kuliko yote, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalolegeza maombi ya makanisa mengi: majibu hayarudishwi. Kanisa liliombea kibali cha ukaazi kwa miezi minne, kibali kikatoka, na mmisionari kwa furaha yake akaendelea na kazi bila kuandika neno. Tunza daftari, au jedwali katika kompyuta, lenye tarehe, ombi na kilichotokea, na kila barua ianze kwa kurudia maombi ya barua iliyotangulia. Taja yaliyojibiwa, yaliyojibiwa tofauti na ulivyoomba, na yale ambayo bado. Maombi ambayo bado hayajajibiwa yaandikwe tena bila aibu.

Idadi, na miezi isiyo na mavuno

Idadi si mbaya, kwa kuwa Luka mwenyewe alihesabu. Tatizo huanza pale maneno yanapochanganywa. Waliohudhuria mkutano, walioinua mkono mwishoni mwa mahubiri, wanaofuata mafundisho ya ubatizo, waliobatizwa, na wale ambao mwaka mmoja baadaye bado wanashiriki ibada ni makundi matano tofauti, na taarifa yenye uaminifu husema inazungumzia kundi lipi. Ukiandika kwamba watu arobaini «walimpokea Kristo», kanisa litasikia kwamba kuna waumini wapya arobaini wanaolelewa, na mwaka ujao litauliza wako wapi. Ikiwa wanaohudhuria mafundisho ni sita, andika sita na uwaombe watu wawaombee hao sita.

Uwe mwangalifu pia na kiwakilishi. Mara nyingi kazi inayoandikwa kwa «tumehubiri» na «tumebatiza» imefanywa na mwinjilisti wa mahali hapo, ambaye alianza kuzunguka vijiji kabla mmisionari hajafika na ataendelea baada ya mmisionari kuondoka. Andika kwamba kanisa la wenyeji limebatiza, na kwamba wewe ulifundisha darasa ulipoombwa kufanya hivyo. Kumwandika mwinjilisti huyo katika nafasi yake ni haki yake, na pia humpatia waombezi ambao hajawahi kuwa nao.

Vipi kama hakuna idadi yoyote ya kuandika? William Carey, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza, alifika India mwaka 1793, na Mhindu wa kwanza aliyeongoka kupitia misheni yao, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, alifika Burma (sasa Myanmar) mwaka 1813, akambatiza muumini wa kwanza mwaka 1819. Kwa miaka hiyo yote waliokuwa wakiwategemeza hawakuwa na mavuno ya kusomewa. Walipokea habari za kujifunza lugha, za tafsiri ya Maandiko, za maradhi na za misiba, na waliendelea kuwategemeza. Mmisionari aliye katika kipindi kama hicho asijaze ukurasa kwa matumaini ya jumla. Aeleze kazi anayoifanya kila siku: amefika wapi katika lugha, ni jirani gani ameanza kumkaribisha nyumbani, ni neno gani la Maandiko linalowasumbua watafsiri na kwa nini. Kanisa linaweza kuomba kwa bidii juu ya mambo hayo, na aghalabu hupenda kuyajua kuliko tunavyodhani.

Kuhusu mateso, Paulo hakuwaficha Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi, na papo hapo akasema kwamba wao nao wanasaidia kwa kuomba (2 Wakorintho 1:8-11). Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyemzika mkewe na mtoto wao mchanga karibu na Mombasa mwaka 1844, aliandika habari ya makaburi hayo kwa waliomtuma, akiwataka waione hiyo kuwa alama kwamba kazi imeanza. Msiba uliofichwa hauombewi.

Hata hivyo, si kila uchungu unafaa kuwekwa katika barua ya watu wote. Ugomvi ndani ya timu, shida za ndoa, na mambo ya mtoto wako ambaye siku moja ataisoma barua hiyo ni habari za kupelekwa kwa mchungaji au kwa mzee unayemwamini, kwa simu au ana kwa ana. Kwa Wakolosai pia, mambo ya Paulo mwenyewe aliachiwa Tikiko, mjumbe wake, awaarifu (Wakolosai 4:7). Katika barua inatosha kuandika kwamba timu imepita katika miezi migumu, kwamba mchungaji anajua undani wake, na kwamba mnaomba hekima na upatanisho.

Heshima na usalama wa watu unaowataja

Fikiri kwamba barua yako imetafsiriwa na kuwekwa mikononi mwa mtu uliyemwandika. Je, angejiona amesemwa kwa haki? Swali hili si la kubuni tu, kwani watu wa mahali unapohudumu wana simu, na barua husambaa. Usiufanye umaskini wa jirani zako au mila zao kuwa giza la kuing'arisha kazi yako. Picha ipigwe na kutumiwa kwa ridhaa ya mhusika, iliyoombwa kwa lugha anayoielewa na kwa kumweleza picha itafika wapi. Ya mtoto iombwe kwa mzazi au mlezi wake. Mgonjwa kitandani, mtu anayelia na mtoto asiye na nguo wasipigwe picha za barua, hata wakikubali.

Mahali ambapo kuamini kunaweza kumgharimu mtu kazi, familia au uhai, tahadhari huwa kubwa zaidi. Kubadili jina peke yake hakutoshi endapo kijiji, kazi na tarehe vimebaki vilevile. Fundi cherehani wa mfano wetu, katika mazingira hayo, angeandikwa kuwa «mmoja wa rafiki zetu», bila kazi yake, bila siku ya kukutana na bila kumtaja kaka yake. Zima uwezo wa kamera ya simu wa kuandika mahali picha ilipopigwa. Ukituma baruapepe kwa watu wengi, ficha anwani ili mmoja asizione za wenzake. Patana na kanisa juu ya maneno yatakayoepukwa, na juu kabisa ya barua uandike kwamba isisambazwe kwenye mitandao. Kuna tundu moja linalosahaulika: makanisa mengi sasa yanarusha ibada moja kwa moja mtandaoni, kwa hiyo omba matangazo hayo yakatwe wakati taarifa yako inasomwa. Barua inaweza kulindwa kwa uangalifu wote, kisha ikatangazwa kwa ulimwengu kutoka mimbarani kwa nia njema kabisa.

Fedha

Paulo aliwashukuru Wafilipi kwa vitu alivyovipokea kwa mkono wa Epafrodito, na akawaambia wazi kwamba hakuwa akikitamani kipawa chenyewe, bali mazao yanayozidi katika hesabu yao (Wafilipi 4:17-18). Mahali pengine, akisimamia mchango wa makanisa, alijali mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Taarifa ya fedha hufuata roho hiyo. Karatasi ya hesabu ionyeshe salio la mwanzo, kilichopokelewa, kilichotumika kwa mafungu yanayoeleweka, na salio la mwisho, pamoja na kiwango cha ubadilishaji kilichotumika na tarehe yake ikiwa fedha zimevuka mpaka. Sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu iandikwe peke yake hata kama bado haijatumika. Hali ikibadilika na ukaona fedha ya kisima ingefaa zaidi paa la darasa, omba ruhusa kabla ya kuitumia. Maelezo yanayotolewa baada ya matumizi, hata yakiwa ya kweli, huacha shaka.

Hitaji lisemwe waziwazi: ni la nini, ni kiasi gani, kimeshapatikana kiasi gani, na linahitajika lini. Jambo ninaloliona kuwa na madhara makubwa ni ombi la fedha linalovishwa vazi la ombi la maombi, au kisa cha mtoto kinachosimuliwa kwa urefu ili mwishoni kitajwe kiasi cha pesa. Kanisa likigundua mara moja kwamba ndivyo unavyoandika, litaanza kusoma kila kisa kwa kutafuta bei yake, na maombi yatakuwa yamekoma hapo. Upungufu mkubwa wa utegemezo upelekwe kwanza kwa kamati, ambayo itaamua namna ya kuliambia kanisa.

Video, simu na ziara

Video isizidi dakika 3, ipigwe simu ikiwa imelazwa, mahali pasipo na upepo, na ifike siku kadhaa kabla ya Jumapili ili wahusika wa mitambo waijaribu. Ukipangiwa kuzungumza na kanisa moja kwa moja wakati wa ibada, tuma pia rekodi ya akiba, maana mtandao hukatika. Shule ya Jumapili iandikiwe ya kwake: watoto huuliza maswali ya kweli, na wakijibiwa huomba bila kuchoka.

Barua iwe na njia ya kurudi. Uliza habari za kanisa, waandikie pole wafiwa kwa majina yao, mpongeze mchungaji mpya, na waeleze ni siku gani ya juma nyumba yako huliombea kanisa lao. Wakikujibu, jibu ndani ya juma moja, hata kwa mistari mitatu. Unapofika kwa ziara, usihubiri tu na kuondoka. Omba nafasi ya kukaa na kikundi cha maombi ukiwa na lile daftari la maombi, mlipitie ombi moja baada ya jingine, nao wapate nafasi ya kuuliza wanachotaka.

Siku ya kumaliza kipindi chako ikikaribia, andika barua ya mwisho kabla hujafunga mizigo. Itaje kazi gani imekabidhiwa kwa nani, salio la fedha linakwenda wapi na kwa idhini ya nani, na ni watu gani, kwa majina yanayoweza kutajwa, ambao kanisa linaombwa liendelee kuwaombea. Nakala ya barua zote za kipindi hicho, pamoja na daftari la maombi, ikabidhiwe kamati ya misheni kwa ajili ya mmisionari atakayefuata.